Moja Kumi na Moja

Gerezani, Kisii
18 Februari 2024

Dada Persis,

Usishangae kuona nimekuandikia kwa Kiswahili kama karani. Sajini anayesoma barua zetu kabla hazijatoka ni mtu wa Taita, na ametuambia kwamba barua ya Ekegusii itakaa mezani kwake mpaka siku atakayojifunza Ekegusii. Basi tuvumiliane na hiki cha shule.

Siandiki kukulaumu. Hakimu alikuuliza kama uliniona na panga, ukasema uliniona. Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyemkata Machogu mkononi, mtoto wa baba mdogo, tuliyelelewa naye boma moja, kwa ajili ya hatua mbili za mpaka wa majani chai. Miaka minne niliyopewa ni yangu.

Ninaandika kwa jambo lingine. Ukutani, pale ninapolala, kuna mtu aliyenitangulia aliyechora vijistari vya kuhesabu siku zake. Alichora kumi na moja, akaacha. Nilivitazama wiki nzima kabla sijaona kwamba ile ni nambari: 11111111111. Unamkumbuka marehemu Mwalimu Onyancha? Alitufundisha sote wawili, wewe kwanza, mimi miaka saba baadaye. Siku moja aliandika moja kumi na moja ubaoni, akasoma kwa sauti: "Bilioni kumi na moja, milioni mia moja na kumi na moja, elfu mia moja na kumi na moja, mia moja na kumi na moja." Akasema, "Mimi naamini hii ni nambari tasa. Haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Lakini kuamini si kujua." Kengele ikalia, tukakimbilia githeri ya mchana.

Mimi nataka kujua. Moja zikiwa nne ni rahisi, 1111 ni 11 mara 101. Zikiwa sita, ni 111 mara 1001. Lakini kumi na moja hazipangiki kwa mafungu yaliyo sawa, kwa hiyo hakuna njia ya kuchungulia. Lazima nigawanye, nambari moja baada ya nyingine, kwa mkono.

Naomba madaftari manne ya kurasa mia mbili na penseli. Na jambo moja nakusihi: usiitafute kwenye simu. Najua simu itajibu kabla hujapepesa jicho. Ndiyo sababu sitaki.

Mdogo wako,
Lewis Mose


Nyamarambe
24 Machi 2024

Mose,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na nikaiweka juu ya kabati siku nne kabla sijaigusa tena.

Machogu bado hawezi kukunja vidole viwili vya mkono wa kulia. Niliambiwa na watu wa nyumbani Magwagwa kwamba anachuma majani chai kwa mkono wa kushoto, na wenzake wakishafika kwenye kituo cha kupimia, yeye bado yuko shambani. Wewe unaniandikia habari za moja kumi na moja.

Halafu nikaanza kuhesabu mambo uliyoyaanza. Shule uliacha kidato cha tatu. Gereji uliacha. Kuku uliwaacha mpaka tata, baba yetu, akawauza mwenyewe, Mungu amlaze pema. Sikupata kitu hata kimoja ulichokimaliza. Nikasema, acha nimpe madaftari. Yakirudi meupe nitayagawa kanisani.

Lakini mimi nikishika jambo nalishika. Nilikwenda Birongo kwa mjane wa Mwalimu Onyancha, Mama Nyakerario. Alinikaribisha kwa ndizi na chai, nikamweleza. Hakucheka. Aliingia ndani akatoka na daftari lenye jalada la kijani.

"Hizo moja zake," akasema. "Alikuwa akizifanya kila jioni akingoja chakula. Alifika hapa, ndipo ugonjwa wa tumbo uliomuua ukaanza."

Nambari ya mwisho aliyogawanya ni 6,029. Chini yake hakuna kitu. Majibu yake sikuyanakili, utayatafuta mwenyewe. Nimekunakilia kanuni tu, iliyo ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu: "Tasa yoyote inayoweza kuigawa moja kumi na moja, ukiigawanya kwa 22 lazima ibakishe 1." Sababu yake ameieleza kwa kurasa tatu. Nazo nimezinakili, ingawa mimi nilielewa moja na nusu.

Kwenye simu sijatafuta.

Dada yako,
Persis Nyanchoka


Gerezani, Kisii
28 Aprili 2024

Dada Persis,

Madaftari nimeyapata, na hayatarudi meupe.

Ile kanuni imeniokoa. Nilikuwa nimeanza kugawanya kwa kila kitu, 3, 7, 13, 17, kama mtu anayefagia uwanja kwa mswaki. Sasa naruka ishirini na mbili ishirini na mbili. 23, kisha 67, 89, 199, 221, 331. Zile zilizo katikati zinazogawika kwa tatu au tano au saba nazitupa bila kuzigusa. Nikifika 105,409 bila kupata sufuri, nimemaliza, ni tasa. Kisa ni kwamba nambari mbili zikizidishana kuizaa ile kubwa, moja yao haiwezi kupita hapo. Nimekadiria: ni kugawanya mara elfu mbili na zaidi. Tunalima shamba la gereza hadi saa tisa, halafu nakaa chini ya ukuta wa jikoni mpaka tufungiwe. Sabato sigawanyi.

Wiki iliyopita Sajini aliniita. Daftari langu lilikuwa mezani kwake, limefunguliwa.

"Mose, hizi ni nambari za simu za watu?"

"Hapana, afande."

"Ni nambari za siri za pesa? Kuna wafungwa wanaoibia watu wakiwa humu humu."

"Afande, ni moja. Zote ni moja."

Akaangalia. Akahesabu kwa kidole. "Unazigawanya ili upate nini?"

"Ili nione kinachobaki."

"Kikishabaki?"

"Kikiwa si sufuri, naenda kwa inayofuata."

Akanitazama kama anayetaka kujua kama nimepata malaria. Kisha akavuta karatasi, akaniambia nigawanye kwa 67 mbele yake, naye akawa anagawanya upande wake. Mimi nilibakiwa na kumi na nane. Yeye alibakiwa na ishirini na moja. Tukarudia. Akafuta yake. "Ni kumi na nane," akasema. "Chukua daftari lako."

Tangu siku hiyo akipita huniuliza, "Umefika ngapi?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo maishani.

Lewis


Magwagwa
16 Juni 2024

Mose,

Nakuletea madaftari mengine mawili kwa mkono wa mchungaji anayewahubiria Sabato.

Nimefungua nyumba yako. Buibui walikuwa wameimiliki. Majani chai yalikuwa yameachwa yakapanda kama miti, nimeanza kuyapogoa upande wa mtoni. Mvua ipo.

Uwe mzima.

Persis


Gerezani, Kisii
7 Julai 2024

Dada Persis,

Nimefika 15,000 na kitu. Hakuna sufuri bado. Sasa naanza kuamini kama Mwalimu alivyoamini.

Nikwambie ukweli, nimezipenda hizi nambari tasa. Nyingine zote ukizigusa zinafunguka, unakuta ndani zimejaa wana na wajukuu. Tasa ukiigonga haifunguki. Haina mtu ndani. Ni tasa, imekaa peke yake, basi. Sajini naye ameshika neno hilo. Mfungwa mmoja mkaidi amembandika jina la Tasa, tumecheka sana.

Lakini mbona barua yako imetoka Magwagwa? Na mbona unapogoa chai yangu wakati una chai yenu Nyamarambe? Shemeji Okemwa ni mgonjwa? Au umekuja kusaidia kwa muda? Barua yenyewe ilikuwa fupi kama risiti. Kama nimekukosea, niambie.

Mdogo wako,
Lewis


Magwagwa
4 Agosti 2024

Mose,

Neno hilo umeliandika mara nne katika barua moja, tena kwa kicheko. Nimehesabu, kwa sababu siku hizi nami nahesabu.

Hukujua, kwa hiyo sikulaumu. Sasa nakuambia, ili usiulize tena.

Miaka tisa niliyokaa Nyamarambe sikupata mtoto. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mwezi wa tano mama mkwe aliita wazee wa ukoo, akaniagiza nipike. Nikapika ugali wa obokima na kuku wawili, nikawanawisha mikono. Walipokwisha kula akasema, mimi nikiwa bado nimeshika jagi, "Tasa haachiwi shamba." Kisha akaita msichana mmoja kutoka chumba cha nyuma. Alikuwa ameshaletwa, Mose. Alikuwa ndani ya nyumba yangu wakati mimi nasonga ugali wa kumkaribisha.

Nilimtazama Okemwa. Alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake kama aliyeangusha kitu humo.

Nikamwambia, "Sema neno."

Akasema, "Mama ameshasema."

Nikaweka jagi chini. Nilichukua sanduku langu, jembe langu, na kitabu changu cha nyimbo. Watu wanasema nimefukuzwa. Wewe usiseme hivyo. Niliondoka kwa miguu yangu, mchana, nikiwa nimenyoosha shingo.

Nimekaa katika nyumba yako bila kuuliza. Ukinikatalia nitapanga chumba sokoni.

Hilo neno endelea kulitumia. Mwalimu alilitumia na hakuwa na ubaya. Nambari haijamtukana mtu.

Persis


Gerezani, Kisii
18 Agosti 2024

Dada yangu,

Barua yako niliipokea tarehe 13. Tarehe 14 niligawanya nambari nne tu, kwa hasira, penseli ikavunjika mara mbili. Ningekuwa nje, ningefanya upuuzi mwingine kama ule ulionileta hapa. Pengine ni heri niko ndani.

Mimi nilicheka, na wewe ulikuwa umekaa peke yako kwenye nyumba ya buibui. Nisamehe.

Ile nyumba usiniombe. Nimemwomba Sajini karatasi rasmi, nimemwandikia chifu kwamba nusu ya shamba nililoachiwa na tata ni yako, kuanzia barabarani mpaka mtoni. Si ya kukaa tu mpaka nirudi. Ni yako, iandikwe jina lako. Chifu akileta maneno, mwambie sheria inamjua mtoto wa kike.

Mchungaji atakuletea madaftari matatu yaliyojaa. Panya wameanza kula la kwanza. Niwekee mahali pakavu.

Nimepita 21,000. Naendelea.

Lewis


Magwagwa
22 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Nimekwenda kwa chifu. Alikuna kichwa, akasoma barua yako mara mbili, akapiga muhuri. Sitayasahau hayo uliyoyafanya.

Madaftari yamefika. Nimeyafunga kwenye karatasi ya nailoni juu ya dari, lakini kabla ya kuyafunga niliyasoma, ukurasa kwa ukurasa. Sikujua unaandika vizuri hivi. Kila ukurasa una tarehe.

Nakuomba kitu. Kabla hujaendelea mbele, rudia hesabu zako. Mtu mwenye mawazo hukosea, hata akiwa hodari. Rudia tu.

Dada yako,
Persis


Gerezani, Kisii
13 Oktoba 2024

Dada,

Nimefika 33,023. Nimesoma ombi lako na nimelikataa.

Nirudie kwa nini? Ulisema hujaona nikimaliza kitu. Sasa naelekea kumaliza, unataka nianze upya? Nimetoa na kuzidisha mpaka vidole vina sugu. Kama umekuta kosa, sema liko wapi. Kama hujakuta, niache nifike 105,409, nimwandikie Mama Nyakerario kwamba mumewe alikuwa sahihi.

Lewis


Magwagwa
3 Novemba 2024

Lewis,

Wiki tatu nimekuwa nikianza barua hii na kuichana. Leo naimaliza.

Nilikudanganya. Siku ile ile nilipopata barua yako ya kwanza, kabla sijaketi, niliandika zile moja kwenye simu. Nilitaka kujua kama ni upuuzi, nikuambie ni upuuzi, yaishe. Simu ikajibu. Nikaona aibu, kwa sababu ulikuwa umenisihi. Halafu nikakuandikia kwamba sijatafuta. Mimi niliyesimama mbele ya hakimu nikasema kweli juu ya ndugu yangu wa tumbo moja, nikashindwa kusema kweli juu ya simu.

Mwalimu hakuwa sahihi. Si tasa. Inagawika.

Na wewe uliigusa, Lewis. Uliifikia nambari yenyewe, ukaigawanya, ukakosea kutoa mahali pamoja, ikakuponyoka ukapita. Nilipoona ukurasa huo nilikaa chini sakafuni. Hujui ni mara ngapi nimechukua kalamu nikuandikie ile nambari, nikaiweka chini.

Ningenyamaza, ungefika mwisho na kutangaza uongo, na ungeujenga moyo wako juu yake. Sikuweza. Nikisema kila kitu, nitakuwa nimekunyang'anya kazi ya miezi yote hii. Hilo nalo sikuweza. Kwa hiyo nimefanya katikati, na katikati huenda pakawa pabaya kuliko kote.

Ukitaka nikuambie nambari, niandikie neno moja: sema. Nitasema siku hiyo hiyo. Ukitaka kuacha, acha. Sitakutajia tena kuku wala gereji mpaka nife.

Dada yako aliyekosa,
Persis


Gerezani, Kisii
9 Februari 2025

Dada Persis,

Umengoja miezi mitatu. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Wiki mbili za kwanza sikugusa penseli. Nilikuchukia, kisha nikamchukia Mwalimu, kisha nikajichukia mimi, na huko ndiko nilikokaa zaidi. Sajini alipouliza umefika ngapi, nilimjibu, "Hakuna ngapi." Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote, hata habari ya simu. Akafikiri. "Simu ya dada yako inajua," akasema. "Wewe je, unajua?"

Kesho yake nilimwomba daftari, na mchungaji akanirudishia yale matatu uliyoyaweka darini.

Mimi si mjinga, Dada. Nilikumbuka siku niliyokuwa na hasira. Niliweza kwenda moja kwa moja kwenye nambari za tarehe 14 Agosti, maana zilikuwa nne tu, na saa moja ingetosha. Siku tatu wazo hilo lilinishika shati. Mwisho nikasema hapana. Kama nilikosea mara moja bila kujua, ningejuaje kwamba sikukosea mara tano? Nikaanza tena kwa 23.

Nimezirudia zote. Na sasa kila niligawanyapo, nazidisha kurudi nyuma kuhakikisha. Nimekuta makosa mengine mawili, moja kwenye 4,000 na moja kwenye 12,000. Hayakuficha kitu, lakini yalikuwa makosa. Ndipo nilipojua kwamba ulikuwa na haki ya kuniambia nirudie.

Jumapili iliyopita, tarehe 2, nilifika 21,649.

111,111 toa 108,245, baki 2,866. Nikashusha moja. 28,661, inaingia mara moja, baki 7,012. Nikashusha moja. 70,121, inaingia mara tatu, toa 64,947. Hapo ndipo, Dada. Safari ya kwanza nilipata 5,274. Nilisahau kukopa. Ni 5,174. 51,741, mara mbili, baki 8,443. 84,431, mara tatu, baki 19,484. Nikashusha moja ya mwisho. 194,841. Nikazidisha 21,649 kwa tisa pembeni ya karatasi, nikapata 194,841.

Sufuri.

Nilizidisha kurudi nyuma mara nne. 21,649 mara 513,239. Kila mara moja kumi na moja zikajipanga, hakuna hata moja iliyokosekana. Nilipiga kelele, wakadhani nimeumwa na nyoka. Sajini alikuja akikimbia, akagawanya mwenyewe kwenye goti lake, safari hii hakukosea. Akavua kofia, akanipa mkono. Kisha akaniuliza, "Na hizi mbili zenyewe zinagawika?"

Nilitaka kusema sijui, nikagundua najua. 21,649 nilishaijaribu kwa kila tasa inayofaa, haivunjiki. Ile nyingine, 513,239, kama ingekuwa na kigawanyo, basi kingekuwa kidogo kuliko 717, na kingeigawa moja kumi na moja pia. Hizo zote nilizipita mwezi wa Novemba, na zote zilibakisha kitu. Kwa hiyo zote mbili ni tasa. Jibu la swali lake nilikuwa nalo tayari, kwa sababu ya zile nilizodhani nimezifanya bure.

Nimejiandikisha kwenye shule ya humu ndani, kidato cha tatu. Madam Loice anayefundisha hesabu amenipa kitabu chake mwenyewe. Mtihani wa taifa ni mwakani. Nitaufanya.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, imefungwa. Ni ya Machogu. Nimeiandika mara saba. Safari sita za kwanza nilikuwa nikieleza habari za mpaka na nani aliyeanza. Ya saba haina maelezo. Mpelekee, tafadhali. Akiichoma mbele yako, usimgombeze.

Mdogo wako,
Lewis Mose


Magwagwa
16 Machi 2025

Mdogo wangu Lewis,

Nilisoma barua yako kwa sauti, peke yangu, jikoni. Nilipofika kwenye 5,174 nilipiga meza mpaka sufuria ikaanguka. Siku iliyofuata nilikwenda Birongo. Mama Nyakerario alifungua lile daftari la kijani, akaniambia niandike nambari zote mbili chini ya 6,029. Nikaandika. Akauliza, "Kwa hiyo alikosea?" Nikasema ndiyo, Mama. Akasema, "Angefurahi sana. Alikuwa hapendi kubaki hajui." Akanifungia ndizi za kuja nazo.

Barua ya Machogu nilikaa nayo siku tatu. Sikuogopa kwamba ataichoma. Niliogopa kwamba hatasema kitu.

Nilimkuta shambani, anachuma. Nilimsalimu, akaitikia. Tangu nirudi nyumbani tumekuwa tukisalimiana hivyo, kila mtu upande wake wa majani. Nikamnyooshea bahasha. Akaitambua hati yako, akajifuta mkono kwenye suruali, akaipokea kwa mkono wa kushoto. Hakuweza kuifungua kwa mkono mmoja. Ule wa kulia unashika lakini haubani. Nikaona jasho linamtoka, nikataka kumsaidia, akasema, "Acha." Akaifungua kwa meno.

Alisoma akiwa amesimama. Ni ukurasa mmoja tu, lakini alikaa nao muda wa mtu kujaza nusu kikapu. Kisha akaukunja akautia mfukoni mwa shati.

"Mwambie sijamsamehe," akasema.

Nikasema, "Nitamwambia."

"Mwambie vilevile. Usimpambie."

"Simpambii."

Akachuma kidogo. Nikafikiri amemaliza, nikageuka kuondoka. Akaniita, "Persis. Anatoka lini?"

Nikamwambia, akipunguziwa kwa tabia njema, katikati ya mwaka ujao.

Akatazama chini, pale mpakani, kwenye kile kisiki cha mkaratusi. "Mimi naumwa na mkono, lakini zile hatua mbili ndizo zinazoniamsha," akasema. "Sijui hata kama nilikuwa na haki. Baba zetu walipima kwa miguu, na baba yangu alikuwa mrefu kuliko wako. Mwambie akitoka tutapima upya. Si kwa miguu. Tutanunua futi ya mita hamsini. Yeye ashike ncha moja pale mtoni, mimi nitashika nyingine hapa kisikini. Mkono huu kushika unaweza."

Nikamwambia ni vizuri, nitaandika hivyo hivyo.

Akasema, "Na wewe uwepo."

Nikamuuliza mimi wa nini, futi ina ncha mbili na nyinyi mko wawili.

"Mimi nitasema yangu, naye atasema yake," akasema Machogu. "Shamba ni lako pia, chifu ameshatangaza. Wewe ndiye utakayesoma nambari."

Nimekubali.

Dada yako,
Persis Nyanchoka